Barabara ya 66, Tulivyoipanga na Baba

Pontiac, Illinois
14 Aprili 1985

Na jambo la pili, Baba, ambalo simu ilikatika kabla sijalisema, ni kwamba Dwayne amekubali tuanzie Chicago kabisa, pale barabara inapoanza, wala si hapa Pontiac kama nilivyohofia. Anasema mtu hafungui kitabu katikati. Umeona mume niliyempata?

Nisamehe, nimeanza kwa pupa hata salamu sijatoa. Hujambo, Baba yangu mpenzi? Goti linakuruhusu kuingia chini ya gari? Sisi huku ni wazima wa afya na furaha imetujaa mpaka naona haya. Wiki mbili tu za ndoa na bado nikisikia funguo zake mlangoni moyo unanienda mbio. Huimba akinyoa ndevu, na huimba vibaya. Jana kwa muuza nyama alisema, “Mkatie mke wangu kipande kizuri,” nami nikasahau nilichofuata dukani.

Sasa safari. Chama cha magari ya kale kitatoka Chicago Jumamosi tarehe 8 Juni, magari tisa, na gari letu, Buick, ni la nne kwenye msafara. Utafika hapa tarehe 6, upumzike, kisha twende sote watatu mpaka Santa Monica, maili elfu mbili na mia nne, wewe kwenye usukani, mimi na ramani. Nimebandika ukutani ile orodha ya vituo aliyoandika Mama nyuma ya kalenda. Dwayne ameisoma yote. Aliuliza kwa nini Mama aliandika “pai ya pichi” mara tatu, nikamwambia kwa sababu alikuwa na akili timamu. Ni mwaka huu au basi, Baba. Namba 66 inafutwa kwenye ramani, na mabango yaliyobaki yatang'olewa. Mama hakuiona safari hii. Wewe lazima uione.

Kitu kingine kidogo. Ndugu zake Dwayne walidhani tutaondokea kwenye Buick siku ya harusi, wakaandika TUMEOANA LEO kwenye buti kwa povu la kunyolea ndevu. Sisi tukaondoka na pikapu yake, nawe ukarudi nyumbani nalo hivyo hivyo. Natumaini povu lilitoka kwa maji tu. Hukusema kitu, basi nimeona nikuulize.

Binti yako mwenye raha kupita kiasi,
Lorene (Bi. Kessinger)


Vinita, Oklahoma
25 Aprili 1985

Mwanangu Lorene,

Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na mumeo. Mimi sijambo. Goti ni lile lile. Mvua imenyesha, nyasi zimekuwa ndefu.

Nimefurahi kwamba anaimba. Mama yako alikuwa akiniambia ninyamaze.

Povu halikutoka. Rangi ile ni ya kiwandani, ya mwaka 1952, na ya namna ile ya zamani huliwa na povu likikaa juani. Ukiliosha saa ile ile, hakuna neno. Likikaa siku tatu, ndiyo basi. Lilikaa siku tatu. Msiwalaumu vijana, hawakujua.

Kuhusu safari, mwambie Dwayne mambo haya ayajue. Asizidishe maili arobaini na tano kwa saa. Jangwani waingie alfajiri. Wafunge mfuko wa maji mbele ya rejeta. Petroli ikianza kuchemka ndani ya bomba, gari hukohoa kisha huzima; dawa yake ni vibanio vya nguo vya mbao, kumi au kumi na viwili, uvibane kwenye bomba lenyewe. Watu watacheka. Waache wacheke, nyinyi mtakuwa mnakwenda.

Tarehe 6 nitaangalia.

Baba yako,
Orville Pruitt


Pontiac
3 Mei 1985

Baba yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na u hali gani? Sisi wazima. Mimi tu macho yamevimba kwa kulia, na Dwayne amechoka kunifuta.

Rangi ya Mama. Miaka ile yote mlikataa kuipaka upya, hata wale waamuzi wa maonyesho ya Tulsa walipokwambia imefifia, nawe ukawajibu kwamba imefifia kwa kuoshwa na mikono ya mkeo Imogene. Halafu siku ya harusi yangu mimi ndiyo inaharibika. Na wewe siku tatu unaliangalia povu pale na huliondoi. Baba, ulikuwa na hasira nami kiasi hicho? Ungenigombeza tu. Nimelala nikiwaza labda hukutaka niolewe.

Dwayne ana wazo. Ana mjomba mwenye karakana ya rangi, anasema ataifananisha kijani ile hata wewe usijue. Tungekuja tuichukue Buick mapema, tukurudishie ikiwa safi kabla ya tarehe 6. Aliniambia nikuandikie kwa unyenyekevu, basi huu hapa unyenyekevu wetu wote wawili.

Barua yako nimeisoma mara nne, Baba. Umeandika “waingie”, “wafunge”, “nyinyi mtakuwa mnakwenda.” Na wewe je? Vibanio nimenunua, kumi na viwili, muuzaji akaniuliza kama nina mtoto wa kufulia nguo, nikawa mwekundu mpaka shingoni. Kila kitu kiko tayari isipokuwa neno lako. Niandikie neno moja tu: “Nakuja.”

Binti yako anayekupenda hata ukikasirika,
Lorene


Vinita
19 Mei 1985

Mwanangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa Dwayne. Barua yako ilifika tarehe 7. Unaona herufi zangu zilivyo kubwa. Naandika kwa kioo cha kukuzia, na hii imenichukua siku tatu, kwa hiyo nivumilie isiwe na mpangilio.

Sikuwa na hasira. Sikuliona povu.

Siku ile nilisikia makopo mliyofungiwa nyuma yakigonga lami, nikasimama nikayakata. Pale kwenye buti niliona weupe weupe nikadhani ni mchele mliorushiwa kanisani. Nikaliegesha gari uani, nikafunga mlango wake. Siku ya tatu ndipo nilipoliosha. Kiganja kikapita mahali pakavu penye kukwaruza. Nikarudi na vidole, nikapata T, kisha U. Nilisoma maneno yote mawili kwa vidole, Lorene, nikiwa nimesimama mchana kweupe nyuma ya gari langu.

Daktari wa Tulsa aliniambia Februari. Sehemu ya katikati ya macho inakufa, pembeni panabaki. Nikikutazama usoni naona masikio yako na nywele. Hakuna dawa. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unashona upya gauni la mama yako likuenee, na ulikuwa unacheka sana wiki zile. Nilitaka nikupeleke kanisani mwenyewe.

Na nilikupeleka. Unakumbuka nilikwenda maili ishirini kwa saa, watu wakasimama wakicheka kwamba Orville hataki kumtoa binti yake? Nawe ukaniegemea ukasema, “Baba, polepole hivi hivi, nataka ikae sana.” Nilikuwa nafuata mstari mweupe kwa pembe ya jicho. Sikuwa naona kingine. Nilikuweka wewe ndani ya gari lile na gauni la mama yako na sikuwa naona kingine. Hilo linaninyima usingizi.

Bado nikajidanganya. Unajua kawaida yetu: gari la kale haliendi safari ndefu mpaka lijaribiwe maili mia na mzigo wote ndani. Tarehe 11 nililipakia, masanduku, tairi la akiba, maji, nikatoka peke yangu hadi Joplin na kurudi. Gari lilikwenda vizuri kuliko siku zote. Pale Afton kuna bango la kusimama ambalo nimesimama mbele yake miaka thelathini. Nikapita. Lori la maziwa likakwepa, likaingia mtaroni. Dereva ni kijana wa umri wako. Alitoka akanishika shati akasema, “Mzee, wewe ni kipofu?” Nikamwambia ndiyo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipolisema kwa sauti.

Hakuumia. Alinirudisha nyumbani yeye mwenyewe, akiendesha Buick. Leseni nimeirudisha kwa hiari.

Kwa hiyo usipake rangi. Gari ni lenu. Njooni mlichukue mwende na wenzenu tarehe 8. Najua utasema nikae kiti cha pembeni. Nilimwahidi mama yako kwamba mimi nitaendesha na yeye atasoma ramani. Ramani sioni, barabara sioni. Kukalishwa kama mzigo maili elfu mbili na mia nne sitaweza, mwanangu. Na usije kuniona sasa. Niache kwanza nizoee kutafuta vikombe.

Mpende mumeo.

Baba yako


Pontiac
24 Mei 1985

Baba,

Nakusalimu. Sijui niulize vipi habari zako, kwa hiyo nauliza tu: umekula leo?

Barua yako Dwayne ndiye aliyeimaliza kunisomea. Mimi nilifika kwenye gauni nikashindwa. Sikiliza, sina uchungu nawe kwa ile safari ya kanisani. Dwayne yeye ana uchungu kidogo, sikufichi, alitoka nje akazunguka mtaa mara mbili. Aliporudi alisema hata yeye, kama angekuwa na binti na imebaki siku moja tu ya kumwendesha, hajui angefanya nini. Kisha akalia. Sikuwahi kumwona analia, na sikupenda.

Hatutakuja kuchukua gari. Nimempigia mwenyekiti wa chama, nimemwambia Buick haimo. Mimi siendi Santa Monica bila wewe, na hilo si kukuadhibu, ni kwamba sioni ningeangalia nini huko. Jana nilipita kwenye mahindi hapa nje ya mji, barabara imenyooka mpaka mwisho wa macho, nikaona aibu kuiona.

Nimepiga simu mara tatu. Inaita tu. Nijibu, hata kwa mkono wa mtu.

Lorene


Pontiac
10 Juni 1985

BABA MPENZI,

HUJAMBO? SISI HATUJAMBO. Nimenunua kalamu nene, kila ukurasa maneno machache, labda utayapata kwa pembe ya jicho. Kama hayasomeki, Bi. Tolliver wa jirani ameahidi kukusomea. Nilimpigia yeye kwa kuwa wewe hupokei. Anasema u mzima, anakuletea chakula cha jioni, na kwamba kila asubuhi unakaa ndani ya Buick mlango wa gereji ukiwa wazi, unaiwasha, unaisikiliza robo saa, unaizima. Aliponiambia hivyo nilikata simu bila kuaga. Niombee radhi.

Magari yalipita hapa Jumamosi. Tulisimama kando ya barabara, mimi na Dwayne. Manane. La tatu likapita, kisha pengo la urefu wa gari zima, kisha jingine. Walituachia nafasi, Baba, na hakuna aliyeijaza. Wote walipiga honi. Dwayne alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniuma, na hatukupunga mkono, tulisimama tu kama watu wa mazishi. Nina mume ninayempenda kuliko nilivyojua mtu anaweza kupenda, na nilirudi nyumbani nikalala na viatu miguuni.

Uliniambia nisije. Nimekutii wiki tatu na zimetosha. Likizo niliyoombea safari nimeisogeza. Nakuja kwa basi, peke yangu; Dwayne hawezi kuacha kazi, lakini ndiye aliyekata tiketi, na alisema, “Mwambie sina kinyongo.” Sitakuja kukupangia maisha. Nitapika, nitakaa. Ukitaka kuzungumza tutazungumza. Ukitaka tukae kimya gerejini na injini inaunguruma, nitakaa. Siku utakayotaka twende, nitaendesha mimi, mpaka pale utakaposema nigeuze; na kama hutaki, basi.

Usije kituoni kunipokea kama zamani. Usimtume mtu pia. Nitatembea, ni mitaa minne tu. Utasikia lango, halafu utasikia mimi. Kabla mwezi huu haujaisha, Baba. Tarehe 27, Alhamisi, basi la mchana.

Binti yako,
LORENE