Unyayo Mmoja Nyuma

Mjukuu wangu Ruweida,

Asalaam aleikum. Huku tu wazima. Mamako kenda Biashara Street kununua leso. Asema ni zake, mimi sijamuamini. Najua ni za kukutumia wewe huko Ujerumani.

Waniuliza kama umuamini mshindani wako anayekwambia urudishe nyuma alama unapoanzia kukimbia kabla ya kuruka. Mimi, mwanangu, siamini upesi. Enzi zetu wanawake tulipewa michezo mitano ya riadha, kila mmoja aishindanie yote, nyinyi sasa saba. Walisema mingi itatuchosha, na maneno hayo sijayaamini hata leo.

Katika mitano hiyo nilishindana na Grace wa Ganjoni, binti wa mfanyakazi wa reli. Siku nzima sikumbandua macho. Tulipofika kwenye kuruka mbali, mara mbili mguu wangu ukapita ubao wa kurukia, nikapewa bendera nyekundu, mruko hauhesabiwi. Grace akanijia, akaninong'oneza: “Zuhura, anzia unyayo mmoja nyuma.”

Nikajiambia, huyu ataka kunimaliza. Lakini nilibakiwa na mruko mmoja tu. Nikarudi unyayo mmoja, ili nikiharibu nipate mtu wa kumlaumu. Bendera nyeupe! Kwa mruko huo nikampita, na wa kwanza kupiga makofi alikuwa yeye.

Basi mchunguze huyo wako, sikukatazi. Ila mimi siku nzima nilikuwa nikiitazama miguu ya Grace nimkamate na kosa, kumbe naye akiitazama yangu nisikosee.

Ni mimi bibiyo,
Zuhura