Shemeji wa Majani Chai

Chebet, uliyekuwa dada yangu wa hosteli,

Nimeandika "mpendwa" mara mbili nikafuta. Utaisoma hivi hivi.

Unakumbuka likizo ile uliyokuja kwetu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai? Mama alikuwa ametoka kuchuma. Akachomoa jani gumu lililokwama kikapuni, lile la tatu ambalo karani wa mizani hulikataa. "Sisi huchuma mawili na chipukizi," akasema. "Hii ya tatu mimi naita shemeji. Hakuna mtu ameita yeye, lakini bibi harusi akikuja, na yeye amefika." Ulicheka mpaka ukamwaga chai. Mama akakujazia kikombe kingine na kukuita binti yake.

Muhula uliofuata tukapewa insha kuhusu kazi za nyumbani kwetu. Wewe ndiwe uliyeogopa zaidi kuambiwa umeiba maneno ya watu. Ulikuwa ukiniuliza kutoka kitanda cha juu, "Nikisema Kericho hunyesha, niweke chanzo?" Nikakujibu kwamba jambo linalojulikana na kila mtu halihitaji chanzo. "Na nikisema kwetu Kapkatet kuna matope?" Tulicheka sana. Kesho yake nikakupa insha yangu uone nilivyopanga marejeo. Nilikuamini, basi.

Ukawasilisha yako kabla yangu, nami nikaitwa mwizi. Mwalimu aliweka insha mbili mezani, aya ya shemeji ikiwa ileile neno kwa neno, akatukumbusha kwamba anayenakili hufukuzwa chuo. Nilikutazama nikingoja useme. Ukamwambia, "Mwalimu, hiyo ni kitu kila mtu anajua. Huko kwetu kwa majani chai wote husema hivyo."

Wote gani, Chebet? Nikamwomba mwalimu akuambie umpigie mama yako, naye ana shamba lake la chai huko Kapkatet. Ukapiga, simu ikiwa kwenye spika. Mwalimu akamwuliza kuhusu shemeji. "Shemeji gani?" mama yako akashangaa. "Kwani nani anaoa?"

Hapo ukainamisha kichwa. Lakini mwalimu akanigeukia pia: "Na wewe, neno hili ulilitoa wapi? Mbona hukutaja?" Nilikuwa nimelisikia tangu utotoni nikadhani ni la dunia nzima. Tukapewa sifuri sote, na ruhusa ya kuandika upya. Jioni hiyo ulihama chumba bila hata kusema pole.

Sifuri haikuniuma hivyo. Kilichoniuma ni kwamba ulikalia kiti cha mama, ukala samaki wake wa omena, kisha ukasema ni "kila mtu". Nilipomweleza aliacha kusugua sufuria. "Si angesema tu ni mimi?" akauliza. Hata mimi sikuwa nimesema.

Sasa nimesema. Kwenye marejeo ya insha mpya, kabla ya kitabu chochote, kuna jina lake: mchuma chai, mazungumzo jikoni kwake. Nilimsomea. Akataka nirudie, akaniambia nisome polepole. Kisha akauliza kama Krismasi utakuja tena.

Nilimwambia sijui. Wewe nakuambia ukweli: ukija, njoo. Mama atakupa chai, hana roho ya kukunyima. Lakini ujue hakuna aliyekuita.

Binti wa pekee wa mama yule,
Achieng