Asilimia Tatu ya Mali ya Mzee Filipo

Singida Mjini,
14 Septemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Ilongero, na kwamba goti limepungua kuuma. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia. Ningeweza kupiga simu, lakini unanijua. Ungeuliza swali moja tu nami ningebadilisha mazungumzo.

Umesikia kwamba hesabu za mirathi ya rafiki yako, Mzee Filipo wa Ihanja, nilizishika mimi. Mjane wake, Mama Cecilia, aliteuliwa na mahakama kuwa msimamizi, akaja ofisini kwangu na mfuko wa salfeti umejaa karatasi. Marehemu aliacha mashine ya kukamua alizeti, nyumba mbili za kupangisha, lori, na kiwanja alichouza nusu. Ritani za kodi za miaka mitatu hazikuwa zimepelekwa. Kazi ilikuwa ngumu kweli, hapo sikudanganyi.

Shida ilikuwa bei. Kazi ya namna hiyo mtu hutaja ada kwa kukadiria siku atakazokaa nayo, na nilipopiga hesabu nilipata milioni moja na nusu. Lakini nilikuwa nadaiwa pango la ofisi miezi mitano, nikajiambia kwamba mshauri wa kodi wa bei rahisi watu humdharau. Nikamwambia Mama Cecilia nitachukua asilimia tatu ya thamani ya mali yote. Hakubishana. Alisema yeye hayajui mambo hayo, na kwamba mimi ni mtoto wao, siwezi kumuumiza.

Sasa fikiria, Baba: anayelipwa kwa asilimia ndiye huyo huyo anayehesabu mali. Nilipofika zizini Ihanja nilikuta ng'ombe sitini na wawili. Mama Cecilia akanieleza kwamba baadhi si wao, mumewe alikuwa anawafugia watu, ila ni akina nani na ni wangapi alijua marehemu mwenyewe. Unaujua mtindo wetu: mtu anapeleka ng'ombe kwa rafiki ili ndugu wasijue alicho nacho, na haandiki popote. Nilimjibu kwa sauti ya kisomi kwamba bila karatasi wote ni wa marehemu. Nikaandika sitini na wawili.

Ada ikafika milioni nne na nusu. Fedha za marehemu zilikuwa bado benki hazijaachiwa, kwa hiyo mama wa watu akapeleka ng'ombe watano mnadani. Aliniambia alichagua wale ambao watoto wake hawakuwahi kuwapa majina. Nilimwandikia risiti, nikamshukuru.

Juzi mdogo wangu Sara kanipigia kwa furaha kwamba ada yake ya chuo cha uuguzi imepatikana, kwa kuwa mwisho wa mwezi utakwenda Ihanja kuchukua ng'ombe wako watano. Ndiyo sababu naandika.

Baba, ng'ombe wako ndio hao waliopelekwa mnadani, na mimi niliwatambua tangu mwanzo. Siku ile zizini niliona masikio yaliyokatwa mara mbili kwenye ncha, na uliyakata wewe miaka sita iliyopita, mimi nimeshika kamba. Niliwahesabu, watano kamili. Sikufumbua mdomo, maana kuwataja wako kungenilazimu kuuliza na wa wenzako, na ada yangu ingeshuka. Kila ng'ombe wako aliniongezea shilingi elfu ishirini na saba. Kwa bei hiyo nilikunyamazia.

Nimebakiwa na milioni mbili na laki tatu. Jumamosi ijayo nakwenda kumwambia Mama Cecilia, na hesabu nitaziandika upya bila malipo. Zilizobaki kufika milioni nne na nusu nitazitafuta, hata kompyuta nitauza. Ila wewe usiende Ihanja, nakuomba. Ukisimama kwake ukauliza ng'ombe wako, yule mama ataona aibu ya wizi ambao hakuufanya. Mwizi ni huyu uliyemsomesha.

Msalimie Mama. Sara usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso.

Mwanao,
Winfrida