Zawadi ya Nyumba Isiyougua

Mshauri, mimi nina miaka sabini na tisa kamili, siyo ya kukisia, nimewazika kaka zangu wawili waliojiita wenye nguvu, nimewapita wenyeviti watatu wa mfuko wetu na yule daktari aliyeniambia nikiendelea na chumvi sitafika sitini, yeye ndiye hakufika, na hata mabomba ya chuma niliyoanza nayo kazi yamekwisha madukani yamekuja ya plastiki na mimi bado napanda ngazi. Naomba msaada wako, na usishangae mwandiko, niliishia darasa la tatu lakini sijawahi kuandikiwa barua na mtu na sitaanza leo.

Mimi ni fundi bomba. Ile hospitali kubwa, wodi ya wanawake yote mabomba nimefunga mimi, miaka thelathini hayajavuja tone. Sisi mafundi tuna mfuko wetu wa afya, siyo kampuni ya mtu, hakuna tajiri anayekaa juu kula faida, kila mwezi tunachanga, anayeugua anatibiwa, na kinachobaki mwisho wa mwaka ni chetu wenyewe, mkutano mkuu ndio unaamua kifanyiwe nini. Mimi ni mwanachama namba saba, na wale sita wa mbele yangu wote wameshalala makaburini.

Miaka kumi na miwili iliyopita zilisomwa hesabu za mwaka ikaonekana kuna ziada, nikasimama nikasema mimi na mke wangu tangu tuingie hatujagusa mfuko huu, wenzetu kila wiki wako hospitali na mafua yao na tunayalipia, je sisi tusiougua tunapata nini? Ukumbi ukacheka, na mwezeka mapaa mmoja, mropokaji sana yule, akapiga kelele kutoka nyuma, "Mzee, unataka tukupe nishani ya kutokufa?" Nikamjibu, "Nipeni hata chupa ya chai, lakini nipeni!" Basi utani ukapigiwa kura ukawa sheria, ikaitwa Zawadi ya Nyumba Isiyougua, kwamba kila nyumba ina kadi moja, ukitibiwa inagongwa muhuri, hata ukipimwa tu inagongwa, na nyumba itakayofunga mwaka bila muhuri hata mmoja inaitwa mbele, inapigiwa makofi, inarudishiwa michango ya miezi miwili na kupewa chupa ya chai.

Mshauri, nimeitwa mbele miaka kumi na moja mfululizo. Wakaniita Chuma. Kadi naiweka mimi, kwenye pochi, ndani ya nailoni, haina mkunjo. Kabatini kuna chupa za chai kumi na moja na wanywaji ni wawili.

Sasa mwaka jana kiatu kilimchubua mke wangu kidole gumba cha mguu wa kushoto na hakuhisi, daktari alikuja kusema baadaye kwamba huko kutohisi ndio ugonjwa wenyewe, kumbe ana kisukari siku nyingi, tungejuaje na hakuna aliyewahi kwenda kupimwa. Akawa anaosha kwa maji ya chumvi na kuvaa soksi. Siku moja nachonga nyuzi kwenye mdomo wa bomba kuukuu la chuma uani, akaja akasimama mbele yangu.

"Mzee, hiki kidole kimeanza kutoa harufu. Nipe kadi niende."

Nikamuuliza, "Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na sita, mwezi wa kumi na moja."

"Zimebaki wiki tano vitabu vifungwe. Jikaze kidogo. Mwaka ukifunguliwa utakwenda hata kila siku, nitakubeba mgongoni."

Akacheka, akasema, "Kwa mgongo gani huo?" akarudi ndani.

Alicheka, mshauri. Angenigombeza ningegombana naye, najua kugombana, ningeshindwa nikatoa kadi. Lakini alicheka na hakuomba tena. Ile harufu niliisikia, ikazidi, ikafika sebuleni, nikasema ni bomba la maji machafu la jirani limepasuka, mimi, fundi wa miaka hamsini na tano, nikaenda mpaka kwa jirani kukagua bomba ambalo nilijua ni zima.

Tarehe mbili mwezi wa kwanza nikampeleka hospitali. Foleni ya dirisha la mfuko wetu ilitoka nje ya mlango ikapinda ukuta, mimi sijawahi kuiona maana sijawahi kwenda, na waliponiona wakashangilia, "Aaa, Mzee Chuma! Hata wewe leo?" Yule mwezeka mapaa alikuwa katikati ya foleni ameshika tumbo, ana ngiri, akaniambia, "Nimeifunga na mkanda tangu mwezi wa nane, mzee wangu. Si wewe uliyetufundisha, ugonjwa uambiwe usubiri mwaka mpya?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Ni kweli nilisema hivyo, kwenye mkutano, nimeshika chupa mkononi. Mke wangu alikuwa kwenye benchi amefunga mguu kwa kitambaa na mfuko wa plastiki, na yeye akatabasamu ili nisiaibike.

Wakamkata chini ya goti. Wodi ni ile ile ya mabomba yangu. Nilikaa siku tisa kando ya sinki naangalia ule mfereji usiovuja na sikujisifu hata mara moja.

Mfuko ulilipa kila kitu, upasuaji, kitanda, dawa, magongo, bila swali. Barua ya malipo aliileta karani wetu, tunamwita Mama Risiti, mwanamke niliyemgombeza miaka yote kwamba anatapanya fedha za wazima. Nikamuuliza ni kiasi gani. Akasema, "Usiulize, mzee, ndiyo kazi ya mfuko." Nikang'ang'ania, umeshanijua. Akanionyesha, halafu akasema taratibu, "Angekuja mwezi wa kumi na moja tungelipia dawa ya kidonda na vidonge vya sukari, basi. Mfuko wetu hauna wa kula faida, mzee. Mimi nikiona zimebaki nyingi najiuliza nani hakuja."

Sasa shida ninayoombea ushauri ndiyo hii. Mkutano mkuu ni Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Mwenyekiti amekuja nyumbani na kitabu cha hesabu, amefurahi kama bwana harusi, anasema zamani katika kila mia tuliyochanga themanini na nane zilirudi kwenye matibabu, mwaka jana zimerudi sabini na moja tu, ziada haijawahi kuwa kubwa hivi, kwa hiyo anataka zawadi iongezwe mara mbili na mimi ndiye nisimame kuitetea. Mama Risiti yeye anataka ziada hiyo iajiri muuguzi wa kuzungukia karakana zetu kupima watu. Nikamwambia mwenyekiti, mke wangu amekatwa mguu, huoni? Akasema, "Pole sana, mzee, lakini huo ni wa mwaka huu. Tunasoma hesabu za mwaka jana. Mwaka jana nyumba yako ilikuwa nzima."

Mwanangu mkubwa anasema, "Baba, pokea unyamaze. Ukifungua mdomo watu watasema ulimuuza mama kwa chupa ya chai." Nikamuuliza mke wangu mwenyewe. Alikuwa anakunja nguo kitandani, hakuinua macho, akasema, "Nenda kachukue. Si tumeshailipia."

Mimi moyo wangu unataka nisimame mbele ya wale watu mia tatu nitamke yote, harufu, wiki tano, bomba la jirani, wajue Chuma hajawahi kuogopa kusema ukweli. Au nikae nyumbani nijifanye naumwa, na hilo sijawahi kulifanya. Au nipokee kama wanavyosema. Nimejenga jina miaka hamsini na sasa silitaki na sijui pa kuliweka. Niambie la kufanya.

Haya niliyoandika siyo hadithi. Mama Risiti anayo faili na tarehe zote. Mwezeka mapaa alikuwepo foleni, ameshapona ngiri, anaropoka kama kawaida. Na yupo nesi wa zamu ya asubuhi wodi ya wanawake, yule mrefu, yeye ndiye aliyemvua ile soksi. Mke wangu naye anajua yote, lakini yeye usimsumbue.

Fundi bomba, mwanachama namba saba

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu. Nimekuamkia mapema kwa sababu yanayofuata hayana adabu sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu natafuta mahali ulipomwambia mkeo "nisamehe". Sijapaona. Umemuuliza kuhusu zawadi. Umemuuliza kuhusu mkutano. Mwenyekiti umemweleza, mwanao umemsikiliza, mimi umeniandikia kurasa sita kwa mkono wako, halafu mtu mwenyewe aliyepoteza mguu unasema asisumbuliwe! Mzee, huyo ndiye wa kusumbua. Wengine wote tungengoja.

Na ile "si tumeshailipia" usiichukue kama ruhusa. Mwanamke aliyecheka ili usijione mbaya, akatabasamu kwenye benchi ili usiaibike, safari hii hakucheka. Ulisikia tofauti, ndiyo maana ukashika kalamu.

Nakupa pole, na si ya mdomo. Sheria ile hukuipitisha peke yako, ukumbi mzima uliinua mikono, na mfuko unaogonga muhuri wa adhabu kwa mtu aliyekwenda kupimwa sukari umejikosea wenyewe. Foleni ya tarehe mbili haikujengwa na mtu mmoja. Lakini zile wiki tano za nyumbani kwako ni zako, na hapo sikupunguzii hata siku.

Sasa huko kusimama mbele ya watu mia tatu. Umezoea kuitwa mbele, mzee wangu. Miaka kumi na moja umeitwa kwa uzima, leo unataka kuitwa kwa majuto. Watakupigia makofi, nakuhakikishia, watasema mzee jasiri, mzee mkweli, na yeye atakuwa nyumbani akisubiri majirani waje wamsimulie habari za mguu wake. Mguu ni wake. Habari yake ni yake. Usiitamke mpaka yeye aseme itamkwe.

Kwa hiyo leo, si kesho, toa ile kadi kwenye pochi uiweke mkononi mwake, ikae kwake kuanzia sasa. Mwombe msamaha kwa maneno machache. Bomba la jirani usilitaje kama udhuru, miaka yako usiitaje, wenyeviti uliowapita wapumzike. Akinyamaza, kaa. Akikufukuza, toka, kisha urudi. Huenda asikusamehe mwezi huu, na huna haki ya kumharakisha, wewe uliyejua kumwambia mtu asubiri.

Wiki hii nenda kwa Mama Risiti na barua, unajua kuandika, nimeona. Andika kwamba jina lako litolewe kwenye orodha ya zawadi na kwamba unaunga mkono muuguzi. Ukiwa hapo hapo ukapimwe sukari na presha wewe mwenyewe, kadi umwombe mkeo, na igongwe. Usinune. Mkutanoni, mkeo akikubali yasemwe, nenda naye, akae mbele, aseme yeye kwanza kama ana la kusema. Asipokubali, wewe simama useme maneno mawili tu, kwamba unaikataa zawadi na unaomba sheria hiyo ifutwe, kisha ukae. Nusu ya ukumbi ule ilikuwa kwenye foleni na wewe, hawahitaji hotuba. Mwenyekiti akilalamika kwamba matumizi yatapanda, mwambie yapande, fedha hizo mlichanga kwa ajili ya hilo.

Mwanao mwambie asante kwa ushauri, basi.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliuliza. Umefunga mabomba ya wodi nzima, lakini katika barua yote sijaona neno moja kuhusu jinsi mke wako anavyofika chooni kwa magongo. Kuna kishikio ukutani? Mfereji wa kuogea uko kimo gani? Anainama kuufikia akiwa na mguu mmoja? Hapo hakuna wa kukufundisha kazi. Chukua vifaa vyako, muulize yeye kishikio kiwe wapi, akisimama aweke mkono ukutani akuonyeshe, na safari hii akikwambia, fanya siku hiyo hiyo.