Kitabu au Kishikwambi

Jumatatu, 2 Juni
Nimeanika kahawa mapema. Jua zuri. Deus kaenda kwenye banda lake la filamu na kitabu chake kwapani kama kawaida. Kitabu kinene cha Kiingereza, kinaeleza filamu za dunia nzima: nani kaigiza, inahusu nini, inafaa watoto au haifai. Bila kukisoma mume wangu hawashi televisheni. Vibanda umiza vingine hapa Ihanda vinaonyesha chochote. Chake wazazi wanakiamini.

Asubuhi kamimina chai nje ya kikombe. Kasema kikombe kimesogea. Si mara ya kwanza. Sikucheka.

Jumapili, 8 Juni
Siku mbaya. Baada ya ibada watoto walijaa bandani kuangalia filamu ya mbwa aliyepotea. Wakaona mtu akichinjwa. Deus alikuwa mlangoni akiwapokea wa mwisho, aliposikia vilio.

Filamu mbili, jina moja. Kitabuni zimefuatana, kinachozitofautisha ni mwaka tu, kwa herufi ndogo kama utitiri. Kasoma ile ya juu. Diski ilikuwa ya ile ya chini.

Jirani yetu Mama Anitha kaja mpaka uani, kamkabili Deus. "Baba Jovina, shikamoo. Lakini leo umetukosea." Mwanae hataki kubaki peke yake hata chooni. Mwenyekiti wa kitongoji kazuia maonyesho ya watoto mpaka aridhike.

Deus hajala. Nimemuuliza kama haoni. Kasema taa ya banda ni hafifu. Anadanganya. Naogopa.

Alhamisi, 12 Juni
Hospitalini. Presha ya macho. Daktari kijana, mpole. Kilichopotea hakirudi, matone yatalinda kilichobaki. Kwenye bodaboda Deus kanishika bega njia nzima. Hajawahi kunishika hivyo mbele za watu.

Jumamosi, 14 Juni
Jovina, binti yetu aliyeko Bukoba, kapiga simu. Toleo jipya la kitabu lipo. Au atanunua kishikwambi chenye programu ya filamu: herufi unazikuza, na sauti inasoma. Vyote viwili hawezi.

Baba yake kajibu kabla hajamaliza. Kitabu. Kitabu hakiishi chaji, hakingoji mtandao, ukikifunga kinanyamaza. Wamegombana. "Mama, basi amua wewe."

Mimi! Niliyeolewa na mpenda filamu na sizipendi.

Nimesema kitabu. Kwa huruma tu. Jovina ataagiza mwisho wa mwezi.

Jumanne, 17 Juni
Namsomea sasa, kile cha zamani. Alasiri, huku nachambua kahawa. Kiingereza changu cha kidato cha nne kimeota kutu. Nikikwama nabahatisha kwa Kinyambo, lugha yetu, naye anacheka mpaka anafuta machozi. "Nisomee, ila usinionee huruma."

Miaka yote alikwenda kwenye filamu zake peke yake. Sasa nakwenda naye. Sikutarajia kufurahi.

Jumatatu, 23 Juni
Nimerudi kutoka Kyerwa. Msiba wa shangazi. Nilikaa mpaka matanga yalipoisha.

Banda nimelikuta limefungwa. Vijana walitaka filamu mpya, Deus kawaambia televisheni mbovu. Si mbovu. Muda wote huo alikaa ndani, kitabu mapajani, akingoja macho yangu yarudi.

Hasira. Kwake, kisha kwangu. Nitaitwa kwenye msiba mwingine. Siku moja utakuwa wangu. Nani atamsomea?

Nimempigia Jovina: kishikwambi. Deus kasikia. Kala akinipa mgongo.

Jumamosi, 28 Juni
Jovina kaja nacho. Deus kamshukuru kama anavyomshukuru mgeni. Sauti inasoma mbio, kama mhubiri anayewahi basi. Ndani mtandao haushiki; mpaka uende nyuma ya zizi la mbuzi. Deus kakigusa vibaya, kikazima. Katoa tusi la Kinyambo ambalo sijalisikia tangu baba yake afariki. Jovina kaondoka analia.

Nimejiona mkatili kwa wote wawili.

Alhamisi, 3 Julai
Nyumba kimya siku zote hizi. Leo nimemkuta nyuma ya zizi, kiti kakibeba mwenyewe, kishikwambi sikioni. Kagundua namna ya kupunguza kasi ya sauti. Peke yake! Kaniita nisikilize zile filamu mbili za jina moja. Mwaka unatamkwa. Hii ya watoto, ile siyo. "Ningekuwa nacho siku ile..."

Kachukua fimbo, kaenda kwa Mama Anitha. Nimemfuata kwa mbali. Kamwambia, "Macho yangu yanakwisha, mama. Niliona aibu kusema." Hata mimi hajawahi kuniambia hivyo. Mama Anitha kajifuta machozi kwa kanga. "Mawe! Mama yangu wee! Baba Jovina, kwa nini hukutuambia?" Kamshika mkono, wakaenda pamoja kwa mwenyekiti.

Karuhusiwa.

Jumanne, 8 Julai
Hanihitaji tena nimsomee. Nina wivu na kitu cha plastiki. Aibu, lakini ndiyo hivyo. Nachambua kahawa peke yangu, nasikia kicheko chake nyuma ya zizi. Nilichagua sawa. Inaniuma vilevile.

Jumapili, 13 Julai
Watoto wamerudi, si wote. Anitha kaja, kakaa karibu na mlango.

Filamu ilipoanza Deus kanivuta niketi kando yake, benchi la nyuma. Kasema kishikwambi kimemweleza hadithi yote, lakini nyuso hakikumweleza. Picha anaiona kama ukungu.

Bibi na mjukuu wanavuka mto.

"Bibi anaogopa?" kaninong'oneza.

"Anaogopa. Lakini kamtanguliza mtoto upande usio na kina."

Kaitikia kwa kichwa. Maji yakawafika magotini. Nikamwambia na hilo.