Kabati Limewaka Mara Moja

Baba Klara,

Hapana, bado sijakubali tununue lile gari la spoti. Jana hukunishinda, ulilala tu.

Uji uko kwenye chupa. Maji yanatoka leo, jaza mapipa yote mawili.

Sasa sikia. Alfajiri nimekwenda Zuzu kuliona hilo gari lako la spoti, toleo jipya, kabla ya miadi yetu. Nilitaka kulikuta injini ikiwa bado ya baridi. Nimekuta nini? Mdogo wako Methusela, aliyetuapia kwamba linawaka kwa kuguswa tu, analisukuma mtelemkoni pamoja na mwenye gari! Jasho linamtoka kwenye baridi hii. Nikamwuliza, “Shemeji, mazoezi hayo?” Akanijibu bila aibu, “Tunalipasha moto kidogo tu, shemeji, mkija mlikute tayari.”

Mdogo wako wa damu! Na hilo ndilo lingempeleka Klara shule Mvumi, tusukume wote, sanduku lake kichwani.

Nimepita kwa mzee Nathanaeli. Gari lake analouza, toleo la zamani, lile unaloliita kabati, lililala nje na limewaka mara moja. ~~Nakuachia uamue mwenyewe.~~ Nimemwambia tunalichukua.

Kuku hawajapewa maji. Methusela akija mpe uji, maelezo atatoa mwenyewe.

Uko bafuni unaimba, hukusikia hata nilipoingia nalo. Klara ameshakaa mbele, sanduku limeingia nyuma kwa kulazimisha. Muungurumo utakaousikia sasa hivi ni kabati likielekea Mvumi.

Mama Klara