Nakala ya Jiko la Mama

Buruburu, Nairobi

Mpendwa ndugu yangu Barasa,

Mimi na binti yangu Nekesa tu wazima. Mgongo unanikumbusha mizigo ya reli, lakini chai inapita vizuri na macho bado yanasoma. Goti lako je? Na mvua imefika shambani, au mnaitazama tu ikinyesha kwa majirani?

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema Simiyu wako anaoa, anahitaji kiwanja, na jiko la mama, ile nyumba ndogo ya udongo, itabidi libomolewe. Ukaongeza: "Usijali, kaka, tutajenga jingine kama hilo kule chini." Ahadi hiyo ndiyo iliyochelewesha jibu langu.

Nekesa anajifunza lugha mpya ya kuamrisha kompyuta, inaitwa Java. Mashine yenyewe ni ya mtumba na imeteka meza yote, sisi tunakula sahani zikiwa magotini. Nilipomsomea barua yako, akasema atachora boma letu humo ndani tuone litakavyokuwa. Alianza na urefu wa ukuta, futi kumi na mbili. Akainakili namba hiyo pembeni, akaigeuza ile nakala kuwa kumi na tano, na ile ya kwanza haikutikisika. Akaridhika. Kisha boma zima akaliita "zamani", akaandika kwamba "jipya" ni sawa na "zamani", na katika jipya akaondoa jiko.

"Baba, kuja uone! Ni wewe umeguza hii mashine?"

"Mimi? Si unaona nimeshika kikombe?"

"Jiko la kukhu limeenda! Kwa jipya, na kwa zamani pia!"

"Basi umembomolea bibi yako jiko kabla ya baba yako mdogo. Yeye angalau aliandika barua kwanza."

Alicheka, halafu akakaa na vitabu vyake mpaka akapata sababu. Namba ni kitu kidogo, ukiinakili unapata namba ya pili yenye maisha yake. Boma ni kubwa. Jina lake halilibebi, linaonyesha tu mahali lilipo. "Nilidhani nimejenga boma la pili," akasema, "kumbe nimechongesha ufunguo wa pili." Funguo mbili, nyumba moja. Ukiingia kwa huu ukahamisha kitanda, mwenye ule atakikuta kimehama.

Akajenga boma jipya kweli, lakini kwa haraka akaliwekea jiko lile la zamani. Alipong'oa mlango, maboma yote mawili yakabaki na jiko wazi. Ikambidi anakili ukuta baada ya ukuta, mlango, dirisha, hadi ndani kabisa. Hapo ndipo alipoweza kubomoa moja na nyingine ikasimama.

Barasa, watu hudhani sisi tulioondoka zamani tuna nyumba yetu wenyewe kichwani, ambayo hakuna anayeweza kuigusa. Sivyo. Mimi nina ufunguo tu. Siku utakayopiga jembe kwenye ukuta ule, ukuta huo utaanguka huku Buruburu pia.

Hata hivyo sikatai. Simiyu apate kiwanja chake. Ila fuata utaratibu wa Nekesa: jenga la pili kwanza, la kwanza likiwa bado limesimama. Pima kila ukuta. Mama alikuwa mfupi, ndiyo maana dirisha lake liko chini. Fundi atataka kulipandisha, mkatalie. Lile la zamani lisiguswe mpaka utakapoingia katika jipya na kuinama ulipozoea kuinama.

Yamebaki mafiga. Mawe yale matatu usitafute mengine yanayofanana nayo, wala usimruhusu mtu kuyasogeza. Hayo hayanakiliwi. Nitakuja kabla ya arusi, nami nitayabeba mwenyewe hadi kule chini, moja moja, ukinishika mkono penye mteremko. Goti lako na mgongo wangu vitasaidiana.

Nisalimie shemeji, mwambie moto wa kwanza katika jiko jipya ni wake. Simiyu na mchumba wake nawapa heri. Shangazi yetu mwambie nakuja. Akisema amesikia hayo tangu zamani, mwambie safari hii nina kazi ya kufanya.

Ni mimi kaka yako,
Wanyonyi